Kumpiga Picha Bundi Mdogo Katika Mwanga Haba

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuna bundi ambaye uzito wake ni kama wa yai la kuku. Kimo chake ni sentimita 16 hadi 18, na akikaa kiganjani kidole cha kati kinamfikia utosini. Mchana hulala ndani ya kichaka kilichofungamana, kwenye matawi ya chini, mara nyingi dume na jike bega kwa bega. Mwongozaji atakunyooshea kidole kwenye tawi lililo hatua chache mbele yako. Utatazama, utatazama tena, na hutaona ila majani makavu. Kisha jani moja litafumbua jicho.

Hapo ndipo wengi huharibu. Furaha ikishapanda, mtu husogea, huwasha flashi na kubonyeza haraka haraka. Akifika nyumbani anakuta macho yanayong'aa kama taa kwenye uso uliopauka, au tawi tupu.

Makala haya yanaeleza namna ya kurudi na picha bora zaidi. Yote yatakayosemwa, kuanzia kamera hadi adabu ya msituni, yanasimama juu ya jambo moja: kila kinachompa bundi utulivu ndicho hicho kinachoipa picha ubora. Bundi aliyetulia hukaa tuli, na kitu kilichokaa tuli kinaweza kupigwa picha hata kwenye mwanga mdogo sana.

Mjue unayemfuata

Bundi wa Sokoke alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1965, na mwaka uliofuata akapewa jina la Otus ireneae. Makao yake ni vichaka vya miti ya Cynometra vinavyoota kwenye udongo mwekundu. Nje ya Arabuko-Sokoke anapatikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Ana rangi za aina tatu: kijivu, kahawia na wekundu wa kutu. Usishangae basi kuona wawili wanaolala pamoja wakiwa na rangi tofauti. Ni ndege wa aina moja.

Kisiwani Pemba kuna jamaa yake, Otus pembaensis, ambaye wenyeji humwita kihodi. Huyu haonekani popote pengine duniani. Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ndio mahali panapojulikana zaidi kwa kumtafuta, ingawa huingia pia kwenye mashamba ya mikarafuu. Bara, kwenye nyika yenye miti, utakutana na bundi mwingine mdogo, Otus senegalensis, anayelala ameegemea shina la mti hadi ukadhani ni gome lililobanduka.

Kwa anayeanza, mwalimu mzuri ni yule bundi mdogo mwenye madoa meupe kama lulu, Glaucidium perlatum. Huyu hutembea hata mchana, na kisogoni ana mabaka mawili meusi yanayofanana na macho. Jifunze kwake kwanza, mwanga ukiwa mwingi, kabla ya kuingia kichakani.

Kuna jambo moja la maumbile litakalokusaidia sana. Macho ya bundi hayazunguki ndani ya fuvu. Yamekazwa na duara la mfupa. Akitaka kutazama pembeni hugeuza kichwa kizima, na shingo yake yenye pingili 14 inaweza kuzunguka hadi nyuzi 270. Kwa hiyo ukimkuta amekupa mgongo, usimzunguke ukivunja matawi. Kaa. Uso utakuja wenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache, kwa sababu kila sauti mpya msituni humfanya ageuke.

Soma mwili wake

Kabla ya kugusa kamera, mtazame kwa darubini na ujiulize: ametulia au anajificha?

Bundi aliyetulia amejaa kama mpira. Manyoya yamefura, vishungi vya kichwani vimelala, macho yamefumba au yamefumba nusu, na pengine anajichambua manyoya au kumchambua mwenziwe. Ukiona hivyo, umbali wako unafaa.

Bundi mwenye hofu hurefuka. Hubana manyoya mwilini hadi akawa mwembamba kama kijiti, husimamisha vishungi, na hufumba macho hadi yakabaki mistari miwili. Watu wengi hupenda picha ya namna hii wakidhani ni mkao wa fahari, kumbe ndege amekuona na sasa anajifanya tawi. Rudi nyuma hatua mbili tatu, polepole, bila kumpa mgongo ghafla, usubiri afure tena. Akianza kuinamisha mwili mbele na kugeuza kichwa huku na huku, anatafuta njia ya kuruka. Ondoka.

Kumrusha bundi mchana ni kumwingiza kwenye balaa. Ndege wadogo wakimwona hewani humzonga kwa kelele, na kelele hizo huwaita mwewe. Kichaka anachokimbilia huenda kisiwe salama kama alichokiacha.

Saa ya kwenda

Pwani yetu iko karibu na ikweta, na jioni yake ni fupi. Gede na Watamu, jirani na Arabuko-Sokoke, jua hutua kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni kutegemea mwezi wa mwaka, na kuanzia hapo una dakika kama 20 tu za mwanga unaofaa. Magharibi haikusubiri upange vifaa.

Panga safari yako katika vipindi viwili. Cha kwanza ni alasiri, kuanzia saa 9 hadi saa 11, bundi wakiwa wamelala. Mwanga ndani ya kichaka ni mdogo lakini haubadiliki ghafla, na una nafasi ya kujaribu mara nyingi. Cha pili ni zile dakika 20 baada ya jua kutua, bundi wanapoamka, kujinyoosha bawa moja moja na kufungua macho ya manjano. Kipindi hiki ndicho chenye picha zenye uhai, na ni lazima kikukute umeshasimamisha kila kitu. Fika saa nzima kabla.

Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko siku ya jua kali. Jua kali hupenya majani na kutupa mabaka meupe juu ya ndege. Kamera haiwezi kuonyesha vizuri mabaka hayo na vivuli vyake kwa pamoja. Mawingu huutandaza mwanga sawasawa.

Usiende peke yako. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali: una ada ya kuingia na taratibu zake, na matembezi ya usiku yanahitaji ruhusa. Ndani yake wamo tembo. Chukua mwongozaji wa hapo hapo. Yeye anajua jozi gani ya bundi imelala wapi wiki hii na ipi ina makinda isiyostahili kuguswa. Malipo yake ni sababu mojawapo ya jirani wa msitu kuona faida ya kuuacha ukiwa umesimama.

Vifaa vinavyotosha

Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha. Kwa kamera yenye sensa kubwa na lenzi ya milimita 400, bundi wa sentimita 17 aliye umbali wa mita 6 hujaza karibu nusu ya kimo cha picha. Huhitaji kusogea zaidi. Kwa kweli lenzi nyingi ndefu hazishiki fokasi chini ya mita kadhaa. Soma ya kwako kabla hujaondoka nyumbani.

Tripodi ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, hata kuliko lenzi ya bei kubwa. Kama kichaka hakiruhusu miguu mitatu kufunguka, tumia stendi ya mguu mmoja, au mfuko mdogo uliojazwa mchanga au mchele ukauweka juu ya kisiki.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi hufunga ukungu papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto la nje kabla ya kuitoa. Beba kitambaa kikavu, betri ya akiba na nguo za rangi ya udongo. Dawa ya mbu jipake mapema, kisha ufute viganja. Baadhi ya dawa hizo huharibu plastiki na rangi ya kamera.

Hesabu ya mwanga

Mwanga wa picha hutawaliwa na vitu vitatu: upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata, na ISO, yaani kiwango ambacho kamera hukuza mwanga ilioupokea. Ukipunguza kimoja kwa hatua moja, ongeza kingine kwa hatua moja, na mwangaza wa picha hubaki ule ule. Kila hatua ni mara mbili.

Tuchukue mfano. Jua linakaribia kutua, bundi yumo kichakani, na kamera inakuambia: tundu f/5.6, shata 1/15 ya sekunde, ISO 3200. Una njia tatu.

Ya kwanza, ukiwa na lenzi inayofunguka hadi f/2.8, umepata hatua mbili. Unaweza kupandisha kasi ya shata hadi 1/60 bila kugusa ISO. Lenzi hizi ni nzito na ghali, na zina gharama nyingine tutakayoiona kwenye fokasi.

Ya pili, panda ISO hadi 12800. Hapo pia unafika 1/60, lakini picha itakuwa na chembechembe. Usiziogope kupita kiasi. Picha yenye chembechembe huweza kusafishwa kwa programu. Picha iliyotikisika haisafishiki.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo ya bei nafuu: weka kamera kwenye tripodi, acha shata kwenye 1/15, au hata ushuke hadi 1/4 kwa ISO 800. Ndege aliyelala hasogei ila kwa pumzi. Piga picha tano hadi kumi mfululizo, kisha tulia, kisha piga tena. Katika kila fungu mara nyingi moja hutoka kali, kwa sababu imeangukia kati ya pumzi na pumzi, upepo ukiwa umenyamaza. Hapa utaona faida ya kumwacha bundi na usingizi wake: 1/4 ya sekunde haiwezekani kwa ndege mwenye hofu.

Angalia pia kipima mwanga kisikudanganye. Majani yaliyomzunguka bundi ni meusi, na kamera ikiona weusi mwingi hudhani picha nzima ni giza, ikaongeza mwanga hadi manyoya ya ndege yakapauka. Punguza fidia ya mwangaza kwa hatua moja hivi, au tumia kipimo cha nukta moja ukikielekeza kifuani mwake. Kisha tazama histogramu, yaani grafu ya mwangaza wa picha. Usipunguze mno, kwani ukija kuangaza kivuli baadaye kwenye kompyuta, chembechembe nazo zitapanda pamoja nacho.

Hifadhi picha kwa faili la RAW badala ya JPEG. Faili hilo hutunza maelezo zaidi ya vivuli na hukuruhusu kurekebisha rangi, kwa sababu mwanga uliochujwa na majani huwa na ukijani unaomfanya bundi wa rangi ya kutu aonekane mgonjwa.

Fokasi ni jicho

Jicho likiwa kali, mtazamaji atasamehe mkia ulio na ukungu. Jicho likiwa na ukungu, hakuna kingine kitakachoiokoa picha.

Kwa lenzi ya milimita 400 katika umbali wa mita 6, eneo lililo kali lina kina cha takriban sentimita 7 kwa f/5.6, na nusu yake kwa f/2.8. Hiyo ndiyo gharama ya lenzi iliyofunguka sana: jicho la karibu linaweza kuwa kali na bega likawa nje. Kama bundi wawili wamekaa pamoja nawe unawataka wote, simama mahali ambapo nyuso zao ziko umbali mmoja kutoka kwako. Hatua moja ya pembeni hufanya kazi kuliko kubana tundu.

Kwenye mwanga haba fokasi ya kujiendesha hutangatanga, na hupenda kung'ang'ania kijiti kilicho mbele ya ndege. Chagua nukta moja tu ya fokasi uiweke jichoni. Ikikataa, hamia fokasi ya mkono: tumia skrini ya nyuma, kuza sehemu ya jicho, na zungusha polepole mpaka unyoya unaolizunguka uonekane mmoja mmoja. Bundi asiposogea na wewe usiposogea, fokasi hiyo itakufaa kwa picha zote zinazofuata.

Zima ile taa ndogo ya mbele inayoisaidia kamera kupata fokasi. Humpiga ndege usoni. Zima mlio. Tumia shata ya kimya kama ipo, na bonyeza kwa waya au kwa kuchelewesha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera.

Bundi anayeruka au kuwinda gizani mwache. Anakula wadudu, anawakamata kwa mruko mfupi, na bila mwanga mwingi hutapata kitu. Mtazame tu kwa macho yako.

Tochi, flashi na sauti

Usitumie flashi. Mboni ya bundi gizani imefunguka hadi mwisho, na mmweko mkali wa ghafla humpotezea kuona wakati ule ule anaotegemea macho ili ale na asigonge tawi. Kwa upande wa picha, flashi iliyo juu ya kamera hurudi moja kwa moja kutoka ndani ya jicho na kuliwasha, nayo huua vivuli vyote vinavyompa ndege umbo.

Tochi itumike kwa kiasi. Kwa kutembea, weka mwanga mwekundu hafifu na uelekeze chini. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazihisi sana mwanga mwekundu, na macho yako pia yatabaki yamezoea giza. Kama ni lazima kumwangazia, tumia tochi dhaifu yenye mwanga uliotawanyika, isimwelekee usoni moja kwa moja, iguse majani ya pembeni yake tu. Hesabu nusu dakika, kisha zima, na usirudie mara nyingi. Fahamu pia kwamba baadhi ya tochi za LED hupepesa kwa kasi tusiyoiona, na zikikutana na shata ya kimya huacha mistari myeusi kwenye picha. Ukiiona mistari hiyo, rudi kwenye shata ya kawaida.

Sauti ni jaribu kubwa zaidi. Mlio wa bundi wa Sokoke ni mluzi mfupi unaorudiwa mara kadhaa, na rekodi zake si ngumu kupata kwenye simu. Ukiucheza, yule mwenye eneo atadhani amevamiwa, ataacha kuwinda au ataacha kiota aje kupigana na adui asiyekuwapo. Wageni wa kila wiki wakifanya hivyo, ndege mmoja anapoteza usiku mwingi kwa ajili ya picha zinazofanana. Sikiliza badala ya kucheza. Na palipo na kiota au makinda, piga picha mahali pengine.

Mwenye simu tu

Simu za kisasa zina hali ya usiku inayopiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Hali hii hufaa sana kwa kitu kilichotulia, na bundi aliyelala ni kitu cha namna hiyo. Tatizo ni umbali. Usikuze kwa vidole, kwani ukuzaji huo hukata tu picha. Weka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini iliyokazwa juu ya tripodi au mfuko wa mchanga, sogeza hadi duara jeusi lipungue, gusa skrini kwenye jicho la bundi, shusha mwangaza kidogo, na piga kwa kuchelewesha sekunde tatu. Inahitaji mazoezi; yafanye nyumbani kwa ndege yeyote wa uani kabla ya kufika msituni.

Baada ya kurudi

Kabla ya kuweka picha mtandaoni, ondoa taarifa za mahali. Simu na kamera nyingi huandika ndani ya faili mahali hasa ulipokuwa, na picha moja inaweza kumpeleka mtu yeyote hadi kwenye tawi lile lile. Andika "Arabuko-Sokoke" au "Pemba", inatosha. Rekebisha mwanga na rangi, punguza chembechembe, lakini usiongeze mwezi ambao haukuwapo.

Kisha ionyeshe nyumbani. Kwetu bundi hubeba mzigo mzito: akilia juu ya paa, watu husema kuna mtu atakufa, na wapo wanaomrushia mawe hadi aanguke. Hoja pekee haimtoi mtu hofu aliyorithi kwa bibi yake. Picha husaidia zaidi. Mtu akimwona ndege mwenye uzito wa yai, anayekula senene na mende, aliyeegemeana na mwenziwe kama watoto waliosinzia kwenye daladala, huanza kuuliza maswali: analala wapi, anakula nini, wamebaki wangapi. Mtoto anayeuliza hivyo hataokota jiwe.

Ndiyo sababu ni muhimu picha yako isiwe ya ndege aliyetishwa. Unapofunga tripodi, kabla ya kugeuka, tazama tena tawi kwa darubini. Kama bado yupo, amefura, na macho yanajifunga taratibu, umefanya kazi yako vizuri. Nyanyua begi polepole, umfuate mwongozaji.